Fundi wa Toi anayechagua simu akiwa amefumba macho

Saa moja kasorobo asubuhi, Jael Mideva yuko njiani. Chumba chake cha Kibera amekiacha nyuma dakika kumi zilizopita. Soko la Toi, ambako kwa kawaida angekuwa anafungua kibanda saa hii, analipita bila kugeuza shingo. Mkobani ana futi ya kupimia na simu aliyoifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare, kama mtoto aliyetoka kuoga.

Hatua mbili nyuma yake anatembea mumewe, Vincent Shiundu, fundi wa mawe, ambaye kazi yake ya leo iko upande mwingine kabisa wa mji.

"Baba Billy, utachelewa mjengo."

"Kwani hii njia umeinunua?"

"Ukinifuata hivi watu watadhani nimekuibia kitu."

"Uliniibia kitambo. Tembea."

Shiundu anamfuata kwa sababu ya upande wa kulia. Jicho la kulia la Jael halioni tena ila mwanga na kivuli. La kushoto linaona mbele tu, "kama mtu anachungulia kwa mrija wa soda," anavyosema mwenyewe, na boda boda ikitokea ubavuni humkuta hana habari.

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Mwaka jana daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha kilichobaki, lakini si milele. Jael alimbana amtajie muda, na daktari, kwa shingo upande, akasema pengine miaka miwili, pengine mitano.

"Nilitoka pale nikaenda kazini," Jael anasimulia. "Kulikuwa na suruali sita za kukunja. Ningeenda wapi tena?"

Kazi yake ni kurekebisha nguo za mitumba. Kwa miaka kumi na tisa amekaa kibanda kimoja na rafiki yake Nereah, cherehani mbili zikitazamana. Mtu akinunua suruali inayomzidi kiuno, anavuka njia na kumpa Jael. Kubadilisha zipu ni shilingi mia na hamsini, kukunja miguu themanini. Siku nzuri anafikisha elfu moja na mia mbili. Siku ya mvua anaweza kurudi nyumbani na mia tatu.

Lakini kinachomweka sokoni hasa ni daftari. Ndani yake kuna vipimo vya watu zaidi ya mia tatu: walimu, mabibi harusi, wanakwaya wa makanisa manne. Mteja akipiga simu kutoka Mombasa akitaka gauni la matanga, Jael anafungua ukurasa wake na kazi inaanza.

"Cherehani hata Nereah anaweza kuiendesha kunishinda," anasema. "Lakini miili ya hawa watu, mimi ndiye ninaijua."

Mikono yake haina wasiwasi. Uzi huutunga kwenye sindano kwa ncha ya ulimi. Kwenye futi yake ameshona fundo dogo kila baada ya inchi moja, na kubwa kila baada ya kumi, na anaisoma kwa kidole gumba. Daftari ndilo lisilosomeka kwa kupapasa. Anahitaji simu atakayoitajia vipimo, ivihifadhi, na imsomee anapotaka. Tena anahitaji kuijua sasa, akiwa bado na jicho la kuona alipokosea. Akichagua vibaya atapoteza miezi ya kujifunza, na miezi ndiyo hana.

Aliyemfungua akili alikuwa mtu wa foleni. Murunga, mpokeaji simu katika ofisi moja mjini, hajaona tangu akiwa na miaka tisa. Walikaa benchi moja kliniki. Jael akamwambia anataka simu yenye kioo kikubwa na maandishi makubwa.

Murunga akacheka hadi akashika fimbo yake. "Dada, unachagua simu na kitu ambacho kinaondoka? Fumba macho, halafu chagua."

Akamweleza kwamba simu nyingi za siku hizi zina sauti ya kuwasomea wasioona, imo ndani tayari, haiuzwi. Ukiiwasha, kidole kikigusa kitu simu inakitaja. Ukitaka kukifungua, unagonga mara mbili. Android iko hivyo na iPhone iko hivyo, lakini kila moja ina tabia zake, na vidole vikizoea moja huona taabu kuhama. "Ni kama kuoa," Murunga akasema. "Usiulize jirani. Kaa naye kwanza."

Hiyo iliyofungwa kitambaa mkobani ni iPhone. Haikununuliwa. Ililetwa na mdogo wake, Valary, anayeishi Kawangware na kufanya kazi za nyumba Lavington. Familia aliyoifanyia kazi ilipohama nchi ilimwachia simu hiyo kuukuu, naye akaivukisha moja kwa moja hadi Kibera.

"Wewe ndiye ulishona mpaka nikamaliza form four," Valary alimwambia siku hiyo. "Shika. Na usiuze."

Jael alikaa na iPhone majuma matatu, na hakuna ubaya anaotaka kuisemea. Ilikuwa nyepesi kwa vidole, haikukwama hata mara moja, sauti yake safi kama ya mtangazaji. Shida ilikuwa kwamba hiyo yake, ya miaka mingi, haikuwa na sauti ya Kiswahili. Ilisoma Kiswahili kwa mdomo wa Kiingereza. Ujumbe wa mama yao kutoka Vihiga, ulioandikwa Kiluhya, ulitoka "kama mzungu anayeng'olewa jino."

Halafu kulikuwa na lile la skrini. Jumapili moja Shiundu aliichukua amsaidie, akagonga kioo mara tatu kwa vidole vitatu, na kioo kikawa cheusi tii. Sauti ikaendelea.

"Mama Billy," akaita polepole, akiwa ameunyoosha mkono mbali na mwili. "Hii imekufa na bado inaongea."

Hawakujua kwamba huo ni mpangilio wa makusudi, wa mtu asiyehitaji kioo. Waliuliza plot nzima, vyumba kumi na sita. Kila mtu alikuwa na Android, na hakuna aliyewahi kushika nyingine. Wakalala na simu nyeusi, hadi Murunga alipopigiwa kesho yake akawaelekeza.

"Hapo ndipo niliogopa," Jael anasema. "Mimi nitakuwa mtu wa kuomba msaada. Sasa nikae na kitu ambacho hata jirani akitaka kunisaidia hawezi?"

Dagoretti Corner, Shiundu anaangalia saa, anaangalia barabara, anaangalia mkewe.

"Nenda," Jael anamwambia. "Kutoka hapa nina ukuta upande wa kulia mpaka ndani."

Anakwenda. Anageuka mara tatu. Jael hamwoni, lakini anajua.

Kwenye stendi ya Kawangware 56, Valary anamsubiri nje ya saluni, mikono kiunoni. Anajua tu kwamba dada yake anarudisha zawadi. Kuhusu macho hajaambiwa ukweli. Kwa mwaka mzima Jael amemwambia anaenda kupimiwa miwani.

"Hapa watu wananyang'anywa hii mchana, na wewe unairudisha kwa miguu yako!"

"Valary, si dharau."

"Ni nini basi? Ni ya mtumba? Wewe si kazi yako ni mtumba?"

Jael anamshika mkono na kumvuta hadi kwa Obonyo, ambaye meza yake ya simu imebanwa kati ya duka la misumari na saluni. Amemchagua Obonyo kwa kuwa anamruhusu mteja kujaribu kabla ya kulipa.

"Karibu mathe. Unataka ya ngapi? Kamera kali? Nikupee yenye inakaa na charge siku mbili?"

"Nipe Android yoyote unayoiamini." Jael anafumba macho na kutandaza viganja juu ya meza.

Obonyo anamwangalia Valary, kisha Jael.

"Mathe, uko sawa? Nikuitishie maji?"

"Niko sawa. Niwekee mkononi."

"Sasa hapa tunaomba ama tunanunua?"

Mwenye duka la misumari anacheka. Valary hacheki. Amesimama akimtazama dada yake akipapasa ubavu wa simu kwa kidole gumba, akitafuta vitufe viwili vya sauti, akivibonyeza pamoja na kungoja. Simu inaanza kusema. Ni ya bei ya chini, elfu sita, na inameza maneno. Inasema nusu, inanyamaza, inaruka mbele.

"Hii memory yake ni kidogo," Obonyo anakiri. "Lazima iishiwe pumzi."

Anaisukuma kando apate nafasi ya nyingine, na kiwiko chake kinagusa simu iliyokuwa kwenye waya wa chaji. Simu hiyo inatamka kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa na iliyonyooka, kwamba skrini imefungwa.

Jael anageuza uso. "Ni gani hiyo?"

"Hiyo achana nayo, ina shida. Ni ya Katunge, mama wa chapati. Ilianza tu kuongea yenyewe, ukiiguza haifunguki. Imemsomea meseji mbele ya wateja. Aliniuzia kwa hasira. Leo jioni naifuta kila kitu."

"Usiiguse!"

Ananyoosha mikono na kupewa. Kidole chake kinatembea juu ya kioo bila haraka, na simu inataja kila kinachoguswa, neno zima, bila kukwama. Anagonga mara mbili. Kinafunguka. Obonyo, aliyehangaika nayo siku nne, anainama aone vidole vyake.

"Haina shida," Jael anamwambia. "Huyo mama alibana hivi vitufe bila kujua. Ukivibana tena inanyamaza. Ona." Kisha, baada ya kufikiri kidogo, anaongeza, "Mpigie umwambie imepona. Kama anaitaka, ni yake. Kama haitaki, nitailipa bei ya simu nzima."

Valary anamvuta mkono kumzuia, lakini amechelewa. Obonyo anapiga na kumweleza, na sauti ya Katunge inajaza meza.

"Imepona? Obonyo, hiyo simu ilisoma mambo ya mzee wangu watu wakiwa na chapati mdomoni. Mwambie huyo mama achukue aende nayo mbali!"

Hapo hata Valary anacheka, mkono mdomoni.

Limebaki jaribio la mwisho. Jael anaweka laini yake kwenye simu hiyo na kumwomba Valary amtumie ujumbe wa mama yao. Inausoma Kiluhya kama Mswahili wa Pwani aliyefika Vihiga jana, maneno mengine yakipinda, lakini Jael anaitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi. Anaelewa. Mama anauliza kama mvua imeanza huko.

Kisha anatoa futi. "Simama wima, Valary."

Macho yamefumbwa bado. Anaipitisha futi mgongoni mwa mdogo wake, kidole gumba kinahesabu mafundo, naye anatamka kwenye simu: Valary, kifua, thelathini na tatu. Anashuka kiunoni. Anahesabu. Anarudia kuhesabu.

"Ishirini na sita," anasema, halafu si kwa simu tena: "Umepungua inchi mbili tangu Krismasi. Unakula?"

Valary anageukia upande wa saluni. Tangu mwajiri aondoke hajapata kazi nyingine, na hilo naye hakulisema.

"Nimekuuliza unakula?"

"Na wewe, macho yameanza lini?" Valary anauliza. "Hiyo kitu si miwani."

Wanasimama hivyo katikati ya kelele za 56, futi ikiwa bado imezunguka kiuno. Obonyo anajifanya kupanga vifuniko vya simu. Hatimaye Jael anamwambia yote, kuanzia benchi la kliniki, na Valary anamsikiliza akiwa amemshika viwiko vyote viwili, kama anaogopa ataanguka.

"Ungeniambia nisingekuletea maneno."

"Ningejua njaa yako ningekuja mapema."

Wanalipa elfu tisa. Obonyo anamuuliza Valary kama atamuuzia ile iPhone aliyorudishiwa, naye anasema ngoja. Siku hiyo walikula matumbo na ugali kwa kibanda cha karibu, na Jael alihakikisha sahani ya pili imeletwa.

Hayo yalikuwa mwezi wa pili. Valary alipata kazi nyingine ya nyumba mwezi wa nne, na iPhone anaitumia mwenyewe. Katunge alinunua simu ya vitufe na bado anapika chapati. Obonyo huuliza kwanza kabla ya kufuta simu yoyote inayoletwa kwa kosa la kuongea. Amepata tatu, mbili akazipeleka kwa watu waliotajwa na Murunga. Murunga yuko kwenye kazi ile ile. Shiundu alimaliza mjengo ule na akapata mwingine Rongai. Yeye pia sasa anaijua simu ya mkewe akiwa amefumba macho, ingawa hugonga kwa nguvu mno.

Jicho la kulia la Jael lilizima kabisa mwezi wa saba. La kushoto bado linaona mbele, karibu. Nereah anakata na kushona, Jael anapima na kukagua mishono kwa vidole, na mapato wanagawana nusu kwa nusu. Vipimo mia mbili na kumi na viwili vimetoka kwenye daftari na kuingia kwenye simu. Vilivyobaki anavimaliza kila Jumapili alasiri, akisoma kwa jicho lililobaki.

Kwaya moja ya Kibera imeagiza sare za Krismasi za watu thelathini na wanne. Amekwisha kuwapima kumi na tisa.