Nilipokaa Kwenye Gari la Owori

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni asubuhi moja Busia, kwenye steji ya teksi upande wa Uganda, ambako nilikuwa nikiuza chai na mandazi. Mvua ilikuwa imekatika, na abiria walikuwa hawajaanza kuvuka mpaka. Madereva walisimama mezani pangu wakibishana kuhusu kasi ya magari yao ya haibridi, yale yanayotumia petroli na betri. Mmoja wao alikuwa Owori, mdogo wangu wa mwisho.

Nilimlea mimi. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita, na sikurudi tena shule. Owori alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Wadogo zangu wengine walikua, wakaoa na kuolewa, wakaenda zao. Yeye ndiye aliyebaki nami nyumbani kwetu Buteba, na jioni tulikula sahani moja.

“Yangu inakwenda mia na themanini,” Owori alisema. “Ukikanyaga tu, petroli na betri zinavuta pamoja.”

Wandera, dereva wa upande wa Kenya, alicheka hadi chai ikamwagika. “Buda, hiyo ni namba ya kwenye saa ya spidi tu! Hako kagari ni ka kupeleka mashosho wa miaka tisini kanisani. Betri ikiisha kwa mlima, utasukumwa na lori la simenti.”

“Na wewe? Si ulinunua yako ili usevu mafuta? Leo unataka kupaa?”

“Twende Tororo basi. Wewe na mimi, bila abiria. Mwenye atachelewa ataosha gari ya mwenzake hapa hapa, watu wakimwangalia.”

Watu wakapiga miluzi. Owori akaimeza chai yake yote, ikiwa bado ya moto.

Barabara ile naijua. Wanawake huanika mihogo kando ya lami, na watoto wa shule huvuka bila kutazama. Nilimwita, nikamwambia lami imelowa. “Dada, wacha,” akajibu, bila kunigeukia. Kijana aliyezungukwa na wenzake hasikii, hata ukisema maneno ya maana namna gani. Basi nilifunika birika, nikafungua mlango wa nyuma wa gari lake, nikaketi.

“Shuka, Dada.”

“Nipeleke nyumbani.”

“Nitakupeleka jioni.”

“Nipeleke sasa.”

Wandera akapiga makofi. “Abiria wako huyo, mazee! Mfunge mkanda!” Steji nzima ikaangua kicheko. Niliona misuli ya shingo ya Owori imekakamaa. Nilitamani kushuka, mwanangu, kwa kuwa aibu yake ilinichoma na mimi. Sikushuka. Wandera akaondoka peke yake, akipiga honi.

Owori alinipeleka Buteba taratibu mno, kama mtu aliyebebeshwa mayai ya jirani asiyempenda. Njiani nilimkumbuka shangazi yetu, ambaye zamani, nilipokuwa msichana, alinikuta nikilia kwa sababu wadogo zangu walisema hawanitaki. Alinikemea: “Unalia kwa kuwa leo hawakupendi? Wamekula? Basi futa machozi, kachote maji.” Wakati ule nilimwona hana huruma. Ndani ya gari lile nilitamani kumsikia tena, naye alikuwa ameshazikwa.

Tulipofika uani Owori alisema, “Umenifanya mtoto mbele ya watu.”

“Ndiyo,” nikamwambia.

Huenda unangoja nikwambie kwamba Wandera alipata ajali. Hakupata. Alifika Tororo, akageuza, akarudi mzima. Kesho yake alikunywa chai yangu akijisifu jinsi alivyoyapita malori. Kwa wiki nyingi Owori akaitwa Mtoto wa Dada, naye akawa anakula akiwa amesimama, kisha hakula tena kwangu. Baadaye akahamia Eldoret, na huko anaendesha gari hadi leo. Humpigia simu mdogo wangu aliyeolewa Mulanda, na mwisho wa mazungumzo humwambia, “Msalimie Dada.” Salamu zake hunifikia hivyo, kwa mdomo wa mtu mwingine. Mimi bado hupika ugali wa watu wawili.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukimwona umpendaye amesimama pabaya, usingoje mpaka upate maneno mazuri. Ingia, ukae hapo, ukatae kushuka. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira ni ya mtu aliye hai. Wala usihangaike kumwonyesha kwamba ulikuwa na haki, kwa maana ajali ambayo haikutokea huwezi kumwonyesha mtu. Utabaki nayo moyoni peke yako, na jioni nyingine zitakuwa nzito. Ibebe tu. Na kama wewe ndiye uliyezuiwa, ukaaibika, usikae na uchungu huo mpaka aliyekuzuia awe mzee. Hakukudharau. Alikuwa akiogopa kubaki bila wewe.

Mungu akufikishe salama kila uendako. Akupe mtu wa kukungoja, na akupe wewe moyo wa kumwambia, kwa sauti yako mwenyewe, kwamba umefika.