Uzi wa Shaba Chini ya Kiti cha Shangazi

Swali lililoninyima usingizi kwa siku nne lilikuwa hili: je, uzi mmoja wa shaba unaweza kumuua shangazi yangu?

Uzi huo niliuweka mimi. Jumapili baada ya kanisa, honi na indiketa za pikipiki yake zilinyamaza kwa mara ya tatu mwezi huo. Nikafungua kiti, nikaona fyuzi imekatika tena. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa. Nikachuna waya wa redio ya zamani, nikatoa uzi mmoja, nikauzungusha kwenye miguu ya fyuzi iliyoungua na kuirudisha mahali pake. Honi ikalia. Shangazi akapiga makofi na kuwageukia majirani.

"Si niliwaambia? Miaka mitano ya chuo haikuwa ya bure!"

Nina shahada ya uhandisi wa umeme. Wakati huo nilikuwa nimekaa kwake miezi minane, nikituma barua za kuomba kazi na kula chakula chake, na nilitamani sana kumfaa kwa lolote. Kwa hivyo nilipokea makofi yale. Sikumwambia kwamba fyuzi imewekwa pale ikatike mapema ili waya zisiungue. Uzi wangu, nilivyouzungusha mara kadhaa, ulikuwa mnene kuliko wa fyuzi. Kabla haujakatika, waya zingeyeyuka kwanza, na waya hizo zinapita chini ya tangi la petroli.

Shangazi hupandisha ng'ombe kwa mbegu ya chupa. Wafugaji humwita daktari. Nyuma ya pikipiki hufunga mtungi wa gesi yenye baridi kali inayotunza mbegu za fahali, na akipigiwa simu kwamba ng'ombe ameingia joto, yuko tayari kupandishwa, anaondoka, iwe ni kijiji cha Muthetheni au Wamunyu. Ng'ombe akipitwa na saa zake, mfugaji husubiri wiki tatu nyingine. Nikiisimamisha pikipiki, nitamkosesha kazi. Nisipoisimamisha, je? Nilipiga hesabu za mkondo wa umeme kwenye karatasi, nikapata jibu la kutisha, nikapiga tena kwa matumaini kwamba nimekosea. Kila jioni aliporudi nilijifanya naipangusa pikipiki vumbi, kumbe nainusa kama kuna harufu ya kuungua.

Jumatano nilienda mjini kwa fundi mmoja mwenye kibanda nyuma ya msikiti. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye amezaliwa Machakos na Kikamba chake kinashinda changu. Nilimwambia nina rafiki aliyeweka waya badala ya fyuzi.

"Huyo rafiki amesoma?"

"Kiasi."

"Amesomea nini? Umeme?"

Nikakohoa. Fundi akacheka mpaka akaweka spana chini.

"Basi mwambie amemziba mdomo mlinzi, na mwizi bado yuko ndani ya nyumba."

Angeweza kuishia hapo, nami ningestahili. Badala yake alivuta pikipiki iliyokuwa ikingoja, akachomoa fyuzi yake na kuunganisha balbu ya taa ya mbele mahali pale pale, kwa vipande viwili vya waya.

"Kama kuna waya uliochubuka unagusa chuma, balbu itawaka kwa nguvu, lakini haitaacha umeme mwingi upite wa kuunguza kitu. Sasa tikisa, geuza usukani, chomoa vifaa kimoja kimoja. Balbu ikififia, hapo hapo umemshika mwizi wako."

Nilikuwa nimefanya mitihani mingi ya umeme, na hakuna aliyewahi kunionyesha jambo lile. Fundi akaendelea kumtaja yule rafiki yangu kwa adabu: "Mpelekee hii balbu. Mwambie aharakishe." Sijui kama anajua alivyonisaidia kwa kutoniuliza zaidi.

Nilirudi na balbu, fyuzi mpya za ampea kumi na tano na mpango wangu: ningebadilisha kila kitu kimyakimya, shangazi asijue.

Alhamisi asubuhi nikamkuta ameshafunga mtungi, yuko kwenye simu, spika ikiwa wazi, na mwenzake wa kazi hiyo hiyo, ambaye pikipiki yake pia ilikuwa inakata fyuzi.

"Wewe weka waya tu!" alikuwa akisema. "Fyuzi ni biashara ya maduka. Injinia wangu ndiye amenifanyia, na amesoma." Mwenzake akajibu kwamba atajaribu akimaliza kukamua.

Nikachomoa ufunguo wa pikipiki.

"We! Ng'ombe ananingoja Muthetheni!"

"Shangazi, nilikosea. Ule waya ni hatari. Nilijua tangu Jumapili."

Nikamweleza yote, hata la tangi. Akakitazama kiti cha pikipiki.

"Kwa hivyo siku nne nimekalia jiko."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe unanusanusa pikipiki kama mbwa wa polisi. Nikadhani ni wazimu wa kukosa kazi, nikawa nakuombea." Akavua helmeti. "Haya, ng'ombe hawezi kungoja umalize kujuta. Hiyo balbu inafanya nini?"

Nikatoa ile fyuzi yenye uzi, nikaiunganisha balbu mahali pake na kurudisha ufunguo kuwasha swichi. Yeye akaishika, mimi nikageuza usukani. Kulia, hakuna kitu. Kushoto, balbu ikang'aa mkononi mwake.

"Yesu!" akasema.

Ulikuwa waya wa chaja ya simu aliyofungiwa kwenye usukani. Kila alipokata kona ya kushoto, ulibanwa shingoni mwa pikipiki. Plastiki yake ilikuwa imelainika na kushikana na waya wa jirani, upana wa kiganja kutoka kwa tangi. Shangazi aligusa mahali pale kwa kidole. Nilikata waya wa chaja, nikafunga tepu, nikaweka fyuzi mpya. Injini ilipowaka, nilipima betri: volti kumi na nne na kitu. Betri, ambayo kila mara aliipeleka mjini kuchajiwa akidhani imekufa, haikuwa na ubaya wowote. Fyuzi ikikatika, chaji ilikuwa haiifikii.

"Nimuvea, injinia," akanishukuru kwa Kikamba, akivaa helmeti.

Aliniita hivyo baada ya kujua kila kitu. Nimepata barua nyingi za kukataliwa tangu siku ile, na neno lile bado linanitosha.

Akatoa simu ampigie mwenzake kabla hajamaliza kukamua. Nilimwomba anipe mimi. Yule mtu akapokea kwa sauti ya furaha: "Daktari!"

"Siye yeye," nikasema. "Ni mimi, yule injinia wake. Usiweke waya. Nilimdanganya shangazi, na leo nakuja kwako na fyuzi tutafute tatizo lenyewe."