Rudi Ukaanike

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufagio wala gunia. Nilipewa punje moja ya mpunga. Mwenye Mashine, mzee wa Kihurio aliyekuwa na mashine ya kukoboa kando ya mfereji, aliimenya kwa kucha, akaniwekea kiganjani, akasema, "Ng'ata."

Nikang'ata.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mzee."

"Basi hujaanza kazi. Kaa hapo mpaka usikie."

Nilikaa mlangoni mpaka alasiri. Nilikuwa na miaka kumi na minne na bado nilivaa sketi ya shule, ingawa shule yenyewe nilikuwa nimeiacha. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi ndiye mkubwa. Wadogo zangu watatu walikuwa mlimani Mhezi kwa shangazi, wakisubiri nitakachopeleka. Kwa hiyo niling'ata punje ya kila gunia lililoingia, hadi moja ikalia ka! kwenye magego na kukatika vipande viwili safi. Nikapiga kelele kwa furaha. Mzee hata hakugeuka. "Sasa umeajiriwa," akasema.

Nawaeleza haya ninyi mnaosimamia mashine leo kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba sisi wa zamani hatukuwa na elimu ya biashara. Tulikuwa nayo. Hatukuwa na cheti chake tu.

Kukoboa ni kuuvua mpunga ganda ubaki mchele. Mpunga ambao haujakauka ni laini ndani. Roli za mpira ndani ya mashine zikiubana hupondeka, na mwenye gunia huondoka na chenga, yaani vipande. Kazi yangu ilikuwa kupokea. Nilichukua punje juu ya gunia, katikati na chini kabisa, maana wapo wanaofunika mbichi kwa mkavu, kisha nikang'ata. Kama bado, nilisema, "Rudi ukaanike." Mbele ya mashine kulikuwa na uwanja wa saruji uliojengwa kwa ajili hiyo tu. Uliyemrudisha hakwenda nyumbani. Alitandaza turubai, akawa anaugeuza mpunga wake kwa miguu huku akipiga soga.

Wengine walitukana. "Kabinti ka mlimani kananinyima mashine!" Mwenye Mashine aliwajibu bila kunyanyuka kitini: "Mashine ni yangu. Meno ni yake. Jadilianeni."

Baadaye aliniazimisha kwa mwenzake wa Kileo kwa misimu miwili. Huko nilikuwa chini ya Fundi Mkuu, mtu aliyewahi kufanya kazi mashamba ya mkonge na ambaye maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Alinifundisha kurekebisha nafasi kati ya roli kwa kusikiliza mlio. Akisema "Inakohoa," nilegeze. Akinyamaza, nimepatia. Niliporudi Kihurio nilijua mashine yote, lakini niliomba nibaki mlangoni kupokea. Mlangoni ndipo mchele wa mtu unapookolewa au kuharibiwa.

Kwa kazi hiyo niliwalea wadogo zangu. Wa mwisho, mvulana, Eliapenda, alifika kidato cha nne. Mwenye Mashine alipofariki, wakulima waliunda kikundi wakainunua mashine, wakamweka Eliapenda kuwa msimamizi. Nilijivuna kama mama.

Ndipo tukaitwa Same mjini kwa mafunzo ya biashara kwa wakoboaji wadogo. Siku tatu, ukumbi, daftari, kalamu, soda na sambusa. Mwezeshaji, ndivyo alivyoitwa mwalimu wetu, alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Sina ugomvi na yote aliyosema. Alitufundisha kuandika jina la mwenyewe kwenye kila gunia, na kweli ugomvi wa magunia kuchanganyika ulikwisha. Nampa haki yake.

Lakini siku ya pili akauliza, "Mteja amekuja, wewe ukamrudisha. Umefanya nini?"

"Umepoteza mteja!" ukumbi ukaitikia.

Nikanyoosha mkono. "Na kama mpunga wake ni mbichi?"

"Mama, mteja ni mfalme."

"Basi mfalme atakula chenga."

Watu wakacheka. Yeye akageukia ubao akaandika: *Changamoto: kukataa mabadiliko.* Wakati wa chai alinifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini chenga na pumba vinatofautianaje. Nilimweleza. Ila damu ilinichemka, na hata leo inachemka. Mtu asiyejua kinachotoka kwenye mashine alikuwa amesimama mbele ya wakoboaji thelathini akiwafundisha kukoboa, nao wanaandika!

Eliapenda aliandika kuliko wote. Tuliporudi alipaka maneno ukutani kwa rangi nyekundu: MTEJA NI MFALME. HAKUNA KURUDISHWA. Kisha akanihamishia kwenye benchi la pumba.

"Dada, umeng'ata vya kutosha. Pumzika."

"Nani atang'ata?"

"Hatung'ati tena. Tunahudumia."

Msimu huo mvua ilitukuta katikati ya mavuno. Siku moja akaja Mama Sifa, mjane mwenye jaruba moja, na magunia yake matano. Mpunga wake wote wa mwaka ndio ule. Nilikuwa hatua tano tu. Nilisikia harufu ya ubichi kabla hajafungua kamba. Nikamtazama mdogo wangu, nikatazama ukuta, nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimeambiwa nipumzike.

Eliapenda alimkaribisha kwa maneno yote ya ukumbini na kumwaga magunia matano mfululizo. Mashine ilianza kukohoa. Mama Sifa akainama kwenye mdomo wa kutolea, akachota konzi, akaipeperusha. Zilikuwa chenga tupu.

"Baba, mchele wangu uko wapi?"

"Ndio huo, mama."

Hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Dada, hukung'ata?"

Nimefanya kazi maisha yangu yote, nimetukanwa na wenye magunia wa kila aina, lakini hakuna tusi lililoniuma kama swali lile.

Enzi za Mwenye Mashine, mashine ikiharibu mchele wa mtu, mashine hubeba chenga na mtu hubeba mchele. Nilimwambia Eliapenda hivyo. Akasema mafunzo hayakutaja utaratibu huo. Nikamwambia, "Mafunzo hayakukulea." Tulikwenda nyumbani tukatoa mchele wetu sisi, wa shamba letu, tukampelekea Mama Sifa. Chenga zake tukabaki nazo. Mwaka mzima mezani kwangu ukawa wali wa chenga, uji wa chenga, vitumbua vya chenga. Eliapenda alikula bila kulalamika. Siku moja aliweka kijiko chini, akatoka, akarudi na mikono yenye rangi nyeupe. Alikuwa amefuta maandishi ukutani.

Msimu uliofuata Mwezeshaji alikuja kufanya tathmini, na fomu yake mkononi. Nilikuwa kwenye benchi, maana wakati huo magego yangu mawili yalikuwa yameng'oka na mengine yanacheza. Mama Sifa akaingia na gunia la kwanza. Eliapenda akachukua punje juu, katikati, chini. Aking'ata, alifumba macho. Sikumfundisha hilo.

"Mama, bado. Rudi ukaanike."

"Asante, mwanangu," akasema Mama Sifa, akatandaza turubai lake uwanjani.

Mwezeshaji aliandika. Nikachungulia: *Mteja amerudishwa: mmoja.*

"Andika pia kwamba ameshukuru," nikamwambia.

Akaipitia fomu juu hadi chini, mbele na nyuma. Nadhani alitafuta kwa moyo mweupe.

"Fomu haina nafasi hiyo, mama."

Siku hiyo ndiyo niliyostaafu. Sikuagwa wala sikupewa kanga. Nilivuka uwanja, nikavua ndara, nikamsaidia Mama Sifa kuugeuza mpunga kwa miguu mpaka punje yake ikalia ka!