Vibao vya Kijani vya Bi Verlene

Bi Verlene Tolliver alipikia watoto wa shule huku Detroit miaka thelathini. Kazi alistaafu, ulimi haukustaafu. Kila Jumamosi ya kiangazi alifika soko la wakulima mapema, akapitisha kadi yake ya msaada wa chakula wa serikali kwenye meza ya mpango huo. Akikata dola kumi, hupewa vibao vyeupe vya mbao vya dola kumi, vya kulipia hapo sokoni, na vya kijani vya kumi nyingine bure, vya matunda na mboga tu. Vyeupe alinunulia mayai na mkate. Vya kijani, mwaka huu, alivifunga kwenye leso.

"Unavifuga hivyo?" nilimtania. Mimi nauza pichi meza ya kona.

"Vinangoja pichi za Lucius. Siyo hayo maji yako ya rangi."

Yeye na mumewe Lucius walitoka Georgia, kusini, wakiwa vijana, na kwao pichi ni ya Georgia, basi. Maneno hayo yaliniudhi kila mwaka. Miti yangu niliipanda hapa hapa jimboni, kwa mikono hii.

Ila mwaka huu Lucius alipata kiharusi, na Agosti ilipofika alikuwa akiona kijiko anageukia ukutani. Siku nne alikunywa mchuzi tu. Alichotaka ni kimoja: pichi ya nyumbani.

Lori linaloleta pichi za Georgia lilipofika sokoni, Bi Verlene alifungua leso. Muuzaji wa lori akavirudisha vile vibao taratibu.

"Samahani, mama. Vya kijani ni vya mazao ya jimbo hili tu. Imeandikwa hapo."

Miaka yote alikuwa ananunulia sukuma na maharage ya hapa hapa, hajawahi kuhitaji kusoma. Na vyeupe vilikuwa vimekwisha. Nikatoa pochi.

"Rudisha mfukoni," akaniambia. "Nimekuomba?"

Akavikusanya vibao kwenye leso, kimoja kimoja. Nilimhurumia sana. Kisha akamwaga vibao vyote mezani kwangu.

"Nipe zako, zilizoiva. Na tunaongozana nyumbani, ukamwambie Lucius ni za Georgia."

"Mimi? Niziite pichi zangu za Georgia?"

"Miaka hamsini sijamdanganya mume wangu. Sianzi leo. Wewe hujamuoa."

Nikabeba kreti, nimenuna njia nzima. Lucius alikuwa kitini dirishani, amekonda mpaka shati linamvaa yeye. Bi Verlene akamenya moja, akaikata vipande vyembamba, akanitazama kwa jicho kali.

"Za Georgia, mzee," nikasema. "Zimeshuka leo asubuhi."

Akafungua mdomo. Akatafuna polepole, upande mmoja, maji yakamtiririka kidevuni. Mkewe hakuyafuta. Akameza, akafungua mdomo tena. Ya kwanza ikaisha, akaonyesha kreti kwa kidole. Alipofika ya tatu Bi Verlene alikuwa ametupa kisogo, mabega yanatikisika.

Lucius akanigeukia. Maneno yake siku hizo yalitoka moja moja.

"Umeonja, kijana? Hii ndiyo pichi. Huku kwenu... hamtaweza... kamwe."

Nikaitazama mikono yangu, kucha bado zina udongo wa shambani.

"Kweli, mzee," nikasema. "Hatuwezi."