Taa Zilizogoma Kuzimika

Nilitoka Songea alfajiri, nikalala Masasi, na siku ya pili nikaingia Kibiti mchana kweupe taa za gari zikiwaka. Swichi yake ilikuwa imekwama tangu Tunduru. Kila niliposimama nilichomoa waya wa betri isije ikaisha, na kila nilipokuwa mwendoni watu waliniheshimu kupita kiasi. Gari kuukuu, jeusi, taa mchana: wakajua linaongoza msiba. Karibu na daraja la Rufiji vijana wa bodaboda walijitoa barabarani, wakavua kofia, wakangoja magari ya nyuma yangu yapite. Nyuma yangu hapakuwa na kitu ila moshi.

Gari lilikuwa la marehemu baba. Kijiti cha swichi ile kimelika upande mmoja kwa dole gumba lake, na sina alama nyingine ya mkono wake. Ndiyo maana niliwakatalia mafundi wawili wa Kibiti waliotaka kuing'oa na kufunga mpya. Wakanielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa mashine za boti, aliyehama kisiwa cha Maparoni kwa sababu ya magoti.

"Maiti yuko wapi?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Hakuna maiti, mzee. Swichi imekwama."

Aliposikia natoka Songea akafurahi. "Kumbe mtani. Basi maiti ni wewe. Tukuoshe?"

Akaifungua swichi, akaigeuzageuza. "Nikiilazimisha itavunjika, na hii haina mwenzake duniani." Akaitumbukiza kwenye kifuu cha sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za mashua. Nikamwambia gari langu halijawahi kuiona bahari.

"Ndiyo maana limekakamaa," akasema.

Kila siku baada ya alasiri nilikwenda kuitazama. Alikigusa kijiti kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa. "Bado. Vitu vya Songea vigumu." Nikapanga chumba. Nikapata mama wa kuniuzia samaki na kijiwe cha kahawa chenye nafasi yangu kwenye benchi. Mimi, nisiyewahi kumaliza mwaka mahali pamoja, nikajikuta naomba swichi isilegee.

Siku ya kumi na tisa ikalia: tak. Mzee akaifuta, akasugua shaba zake kwa msasa, akaifunga. Taa zikawaka, zikazimika. Alama ya dole la baba ilikuwa palepale. Tatizo ni kwamba swichi ikipata joto gari zima lilinuka papa, na paka wawili wa mtaani wakahamia chini ya usukani.

"Kazi imekwisha, mtani," akasema mzee siku mbili baadaye, akinikuta bado nipo. "Au unangoja arobaini?"

Kesho yake asubuhi nikawatoa paka, nikaondoka, na sijarudi tena Kibiti. Mzee alisimama mlangoni pa karakana. Nikampungia mkono, yeye akawa anafumba na kufumbua ngumi, ile ishara ya madereva kwamba umesahau taa. Sikuwa nimesahau. Niliziwasha makusudi, anione naondoka nazo.

Nikaweka dole langu kwenye alama ya baba, nikashusha. Zikazimika. Mbele yangu bodaboda mmoja, aliyekwisha kuvua kofia, akaivaa tena na kunitazama kama tapeli.