Kuunusa Ukuta wa Agra

Nilipokuwa mdogo Mtambile, baba aliniambia kuwa Agra, huko Uhindini, liko kaburi la malkia lililopakwa karafuu zetu za Pemba, na harufu yake humpata msafiri siku mbili kabla hajaliona. Niliamini. Hata nilipohitimu darasa la watu wazima la jioni niliwasimulia wenzangu, nikaongeza siku ya tatu.

Basi Bwana Tayabali, mwenye duka la nguo hapo kwetu, alipotaka mtu wa kumsindikiza kwa dada yake Agra, maana macho yake hayaoni vizuri, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Baba alikwisha kuanguka mkarafuuni, nyonga ikavunjika, hatoki tena kitandani. Nikamwahidi: "Nitaunusa ukuta ule kwa ajili yako, baba." Alijifunika shuka usoni, mabega yakimtikisika. Nikajua analia, na kwamba ukuta ule sasa ni amana.

Mkoani tulipanda meli ya Unguja, na Unguja meli ya Bombay. Baharini nilitapika hata futari za mwaka uliopita. Kutoka Bombay tulishika gari la moshi, nami njia nzima nimetoa pua dirishani, nisipitwe.

Agra alitufungulia mlango Bi Zehra, dada yake Bwana Tayabali, mzaliwa wa Mkoani aliyeolewa huko.

"Huyu ndiye Mpemba wenu? Mbona pua nyeusi?"

"Masizi ya gari, Bi."

"Kanawe, mwanangu. Wali tayari."

Mama yule alinilisha siku tisa kama aliyenizaa, Mungu amjazi.

Asubuhi ya pili alitupeleka kwenye ngome. Kuta zake nyekundu ni ndefu hata kunguru hupumzika katikati ndipo amalizie. Adhuhuri tuliswali msikiti wa Ijumaa. Mzee nisiyemjua alinisogezea nusu ya mkeka wake bila kuniuliza natoka wapi. Sokoni nililishwa halua ya boga mpaka nikaomba radhi.

Alasiri tukafika kaburini. Jeupe, limetulia, nami maneno yakaniishia, jambo ambalo Mtambile hawatalisadiki. Kisha nikakumbuka amana. Nikabandika pua ukutani, nikavuta. Askari akaja mbio.

"Anauliza unaumwa nini," akasema Bi Zehra.

"Mwambie nanusa karafuu za baba."

Bi Zehra akanisikiliza kisa chote, wala hakucheka. "Haya ni marumaru, mwanangu. Karafuu zenu sisi twazitafuna." Akafungua kijaluba chake, akanionyesha tambuu: jani limekunjwa, likachomekwa karafuu moja lisifunguke. "Mji mzima hufanya hivi. Mchukulie baba yako."

Kurudi kulikuwa kuzito. Mtu amevunjika nyonga kwa karafuu, nami nimwambie haziko ukutani? Tangu Bombay nilitunga uongo mzuri, wenye harufu ya siku nne.

Mtambile nilimkuta amekaa kitako kitandani. Nikampa lile jani, limekwisha kukauka, karafuu ingali imelishika. Akaigeuza mkononi, akaijua.

"Ya kwetu hii. Na ukuta?"

Uongo ukanikataa. "Haunuki, baba. Ni mawe matupu. Nisamehe."

"Najua," akasema. "Nilikutungia. Ulikuwa mvivu wa kupanda mkarafuu."