Nafasi Katikati ya Jina

Studio yetu ya Kakuma ilirekodi watu wa kambi ya wakimbizi, na sheria ilikuwa moja: faili iitwe kwa maneno kamili. Majina ya hapa yanagongana ovyo. Ukiandika neno moja tu, kesho hujui nani ni nani. Mama mmoja Mkongo alikuja kurekodi kwaya, na mtoto wake mgongoni akamwita katikati ya wimbo. Tukacheka, tukakata kipande kile, tukakiita "mtoto akiita mama".

Baadaye homa ilimchukua yule mtoto. Sauti yake ikabaki kwetu tu.

Kisha ofisi ya Lodwar ikatuletea fundi, bwana mjuaji kweli kweli. Aliandika skripti, programu fupi ya kuhamishia faili zote kwenye diski mpya na kufuta za zamani. Akaiwasha, akasema, "Ejok, safi! Kazi kwisha," akapanda gari lake akaenda zake.

Mama alipokuja kuomba ile sauti, kwenye diski mpya nilikuta faili za neno moja tu: "jaribio", "tangazo" na "maji". Basi! Jamani, nilitaka kulia.

Nikafungua skripti. Ala! Lupu yake, ile sehemu inayorudia kazi kwa kila faili, ilisoma orodha ya majina ikakata kila jina penye nafasi. Jina la maneno matatu kwake likawa faili tatu, na hata moja haipo. Iliposhindwa kunakili haikusimama, ikaenda kufuta faili zote za zamani. Nikairekebisha: nikatupa ile orodha, nikaweka alama ya nyota ichukue faili zenyewe, nikafunga kila jina ndani ya alama za kunukuu. Ikafanya kazi vizuri, shenzi kabisa. Ihamishe nini sasa? Nilibeba diski ya zamani hadi Lodwar, na huko nako wakashindwa kuzirudisha zilizofutwa. Nilirudi nimekata tamaa, namchukia yule bwana na kompyuta yake.

Mama alikuwa akinisubiri. Nikamwonyesha kumbukumbu ya makosa, pale skripti ilipoandika kila faili ambayo haikuipata.

"Baba, inasema nini? Mimi sijui Kizungu."

Nikamsomea nikitafsiri, kidole kwenye skrini. "Mtoto: haipo. Akiita: haipo. Mama: haipo."

Aliisogelea ile skrini.

"Mama iko," akaiambia. "Mimi niko hapa."